Ukurasa wa Sekunde Kumi na Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Naandika kwa penseli. Wino ni ushahidi.

Asubuhi mkutubi mkuu ameshuka hadi chumbani kwangu na saa mkononi. Tunamwita Kimya, kwa kuwa ndilo neno analolisema kutwa nzima. Hakubisha hodi. Amesema amefungua ukurasa wa kuazimia kitabu, kitabu kimoja tu, cha ufugaji wa nyuki, na amehesabu sekunde kumi na tisa mpaka ukurasa ukatokea. Kumi na tisa! Foleni imefika mlango wa nje. Mzee anayekitaka kitabu hicho amesoma sura yake nzima ya kwanza akisubiri kuruhusiwa kuondoka nacho.

Nimemwambia haraka ni ugonjwa wa zama hizi. Amesema hilo nikalieleze Ijumaa.

Ijumaa bodi inakaa. Ajenda moja: mfumo wa maktaba ubaki kwenye seva yetu wenyewe, humu chumbani kwangu, au ukabidhiwe kampuni ya mbali, ukae kwenye mashine zao, na sisi tugeuke wapangaji? Ukienda mfumo, nami nimekwenda. Mtunza seva asiye na seva ni nani? Ni mtu aliyekaa kwenye kiyoyozi.

Miaka minne iliyopita nilipigana. Niliandika waraka wa kurasa kumi na moja, "Data Yetu, Chumba Chetu", nikausoma wote mbele ya bodi, wima, bila maji. Wale wanaopeleka kumbukumbu zao kwa wageni niliwaita mateka wa hiari. Nilishinda kwa kura moja. Kura hiyo ilikuwa ya mwenyekiti. Mwenyekiti ni mama mkwe wangu.

Alifundisha hesabu miaka thelathini na minne. Kila akinitazama najihisi nimekosa jibu.

Mchana amekuja Fotokopi. Ndiye msimamizi wa mashine ya kunakili, na humu ndani hana jina lingine. Amekuja na futi ya seremala. Akapima ukuta wangu kutoka mlango hadi dirisha. Nikamuuliza anapima nini. Akasema hapimi kitu, anapima tu. Kisha nikamsikia akijisemea, "Mita tatu na nusu, inaingia," akaandika kwenye kiganja.

Shajara hii naificha ndani ya kompyuta iliyokufa. Hakuna anayefungua maiti.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa! Ubaya si sekunde kumi na tisa. Ubaya ni kwamba ndani ya sekunde hizo msomaji hana la kufanya, ndiyo maana anazihesabu. Nimetengeneza maneno ya kutokea wakati ukurasa unasubiriwa: "Subira yako ni mchango wako kwa maktaba." Chini yake, aya mbili za waraka wangu. Pembeni, picha yangu, ile ya suti.

Kufikia saa nane Kimya ameshuka tena. Amesema aya hizo amezisoma mara mia na hamsini tangu asubuhi na sasa zinamjia akinywa chai. Msomaji mmoja ameuliza kama marehemu wa kwenye picha alikuwa mtu wa hapa. Na kumbe picha ni kubwa mno. Ukurasa sasa unachukua sekunde ishirini na mbili.

Nimeiondoa. Shingo inaniuma kwa hofu. Shingo! Sikujua hofu inafika huko.

Alasiri nimejikaza, nimemwandikia mwenyekiti barua. Kwa heshima zote, Mama, nimeandika, mashine ni nzima na mtunzaji wake ni mzima. Tatizo ni wasomaji. Ni wengi mno, wanaingia kwa pamoja, wanabonyeza mara tatu tatu kama wanaoita lifti. Nimependekeza wapunguzwe.

Jibu limekuja baada ya dakika nne. Mstari mmoja. Amesema amempata mpimaji, anaingia kesho saa tatu.

Mpimaji! Fotokopi anapima kuta, na sasa huyu anakuja kupima nini? Mimi?

Jumatano, 5 Machi

Mpimaji ni mama wa makamo, mtaratibu, mfuko mmoja begani. Zamani alikuwa mwanafunzi wa mama mkwe. Hilo limenitosha. Mtu aliyenusurika kwenye hesabu za mama mkwe haogopi seva.

Nilimpa kiti kibovu. Akakaa kwenye kile kizuri.

Ameeleza kazi yake. Kila mtu anapofungua ukurasa, kivinjari chake kinapeleka ombi kwenye seva, na seva inajibu. Yeye anatega chombo kidogo cha kuliandama ombi hilo tangu linapoingia hadi linapotoka, kikiandika limekaa wapi na kwa muda gani. Muda huu limeulizia kitu kwenye hifadhidata, muda huu lilikuwa linapanga ukurasa, muda huu lilikuwa njiani. Amesema ni kama kufuatilia barua ofisini. Hutosheki kujua imechelewa wiki mbili. Unataka kujua wiki hizo mbili ililala mezani kwa nani.

Mezani kwa nani! 

Nilimwambia asijisumbue, kosa ni la wasomaji. Akaitikia kwa kichwa, akaandika. Nilimwambia huenda pia ni umeme. Akaandika. Nilimwambia Fotokopi ana mashine inayonguruma ukutani kwangu, na mtikisiko unaweza kuchosha data. Hapo hakuandika. Alinitazama kidogo, akaendelea kutega chombo chake.

Kabla hajaondoka amenionyesha kinavyofunguliwa. Kuna ukurasa wenye mistari ya rangi, kila kazi na mstari wake. Mstari mrefu ndiyo kazi iliyokula muda mwingi. Nami, kama mtunzaji, naruhusiwa kuutazama. Nilitoa shukrani kwa sauti nisiyoijua.

Nyumbani mke wangu kaniambia mama yake kapiga simu, kauliza kama ninakula vizuri. Nikamuuliza kwa nini aulize. Akasema watu huulizana. Si kweli. Hivyo ndivyo wanavyomuulizia mgonjwa ambaye daktari keshatikisa kichwa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Milango imefungwa, hakuna msomaji hata mmoja. Nimefungua ukurasa wa kitabu cha nyuki, peke yangu katika jengo zima.

Sekunde kumi na tisa.

 Nilirudia mara sita. Kumi na tisa, kumi na nane, kumi na tisa. Wasomaji wangu, maadui zangu wapendwa, hawakuwamo! Wote wako nyumbani na miswaki mdomoni, na ukurasa unatambaa vilevile. Barua yangu kwa mama mkwe ikanijia neno kwa neno.

Nikafungua chombo cha mpimaji. Mistari ikajitokeza. Kutafuta kitabu: sehemu ndogo ya sekunde. Kumtambua msomaji: ndogo zaidi. Kupanga ukurasa: haionekani bila miwani. Halafu mstari mmoja mwekundu, kutoka ukingo huu wa kioo hadi ukingo ule, sekunde kumi na nane na nusu, na pembeni yake jina la kazi yenyewe:

wananisemaje

Miguu ikafa ganzi. Nilikuwa nimekaa, lakini ikafa.

Nieleze, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Miaka mitatu iliyopita, katika sanduku la maoni ya wasomaji, lile la kwenye mfumo, mtu asiyejitaja aliandika habari za kichwa changu. Kichwa changu! Nilikaa siku mbili bila kula. Siku ya tatu nikaandika kipande kidogo cha msimbo. Ukurasa wowote unapofunguliwa na mtu yeyote, kabla ya jambo lingine lolote, mfumo upitie maoni yote tangu siku ya kwanza na kutafuta kama kuna aliyenitaja kwa ubaya. Ubaya wenyewe niliuandalia orodha ya maneno. Niliiongeza kila niliposhuku jipya. Wakati ule maoni yalikuwa machache, kipande kilipita kama upepo. Nami nikakisahau, kama mtu anavyosahau kwamba amevaa saa.

Kukifuta kungechukua dakika moja. Nilipeleka kidole kwenye kitufe. Nikasita. Kesho ndiyo siku watakayonisema kuliko siku zote tangu nizaliwe. Nikifuta leo, kesho nitajuaje?

Kidole kikarudi.

Ndipo akili ikanijia, na nasema kweli nimejipongeza. Sikukifuta, nimekibadilisha jina. Sasa kinaitwa ulinzi_mkuu. Nani atapiga kura dhidi ya ulinzi? Mstari ni mwekundu vilevile, mrefu vilevile, ila sasa una hadhi. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha chooni: "Waheshimiwa, usalama una uzito wake." Mara ya tano ilitoka vizuri.

Saa kumi mpimaji alipita. Akatazama mistari. Akaniuliza huo ulinzi mkuu unalinda nini. Nikasema maktaba. Akasema ahaa. Akaandika. Hiyo ahaa imenikaa kooni kama mfupa hadi sasa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwisha. Naandika hata hivyo. Penseli imevunjika mara mbili.

Wajumbe saba, meza ndefu, mistari ya mpimaji ikiangazwa ukutani mikubwa kama mabango. Kimya kwenye kona. Fotokopi hakualikwa, lakini viatu vyake vilionekana chini ya mlango. Mama mkwe mwanzoni mwa meza, miwani kifuani.

Nilisimama na waraka wangu. Sijamaliza kichwa cha habari, akasema, "Kaa, baba." Baba! Akiniita baba najua nimeiva.

Mpimaji akaeleza kwa utulivu ule ule. Akafika kwenye mstari mwekundu, akasema barua yetu inalala hapa. Nami nikaruka, nikasema kwa sauti ya kioo cha chooni kwamba huo ni ulinzi mkuu, na usalama una uzito wake, waheshimiwa! Mjumbe mmoja, mzee wa mwisho wa meza, akasema kweli kabisa. Kwa pumzi moja nilikuwa mshindi.

Mpimaji akasema chombo chake huhifadhi vipimo vyote, hata vya juzi. Akarudisha vya Jumatano. Mstari ule ule, mwekundu ule ule. Akasema hadi Jumatano kazi hii haikuwa ikiitwa ulinzi mkuu. Ukutani, kila herufi kubwa kama mlango: wananisemaje.

Mzee wa mwisho wa meza akauliza nani anasemwa.

Kisha mpimaji akaubonyeza ule mstari. Ukafunguka! Unafunguka! Mimi nilidhani ni picha. Hakuna aliyeniambia kwamba ndani yake kuna swali lenyewe linaloulizwa kwenye hifadhidata, lote, bila nguo.

Mama mkwe akavaa miwani. Akasoma kwa sauti ile ile anayoitia mahudhurio.

"Kipara. Kipara chake. Mvivu. Mjuaji. Mpenda kiyoyozi. Bwana Waraka. Kobe wa ghorofa ya chini. Hajibu simu. Anajibu simu lakini vibaya. Tumbo. Firauni wa seva. Anakoroma. Kabebwa." Hapo akapumua. "Kabebwa na mama mkwe."

 Akaendelea mpaka mwisho. Maneno thelathini na saba. Kimya aliomba kalamu. Akasema, polepole kwa mshangao, kwamba yuko jengo hili miaka kumi, lakini nusu ya maneno hayo hajawahi kuyasikia. "Kobe wa ghorofa ya chini," akarudia, kama mtu anayejaribu kofia. Nje ya mlango kitu kikaanguka. Ni Fotokopi, alikuwa amecheka hadi akakaa chini.

Mama mkwe akauliza maoni yote ni mangapi. Elfu arobaini na moja, mpimaji akasema. Mama mkwe hakushika karatasi. Alitazama dari kwa muda mfupi ambao ukurasa wangu haujawahi kuufikia. "Mara milioni moja, laki tano na elfu kumi na saba," akasema. "Kila mzee wa watu anapotaka kitabu cha nyuki."

Kisha akauliza lingine. Katika yote hayo, nimewahi kupata nini?

Mpimaji akaangalia. Moja, akasema. Miaka mitatu, oni moja. Mama mkwe akaomba lisomwe. Nilisema, Mama, tafadhali. Likasomwa:

"Yule bwana mwenye kipara wa chumba cha chini aliacha kazi yake akanisindikiza hadi mlangoni nilipopotea. Mungu ambariki."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa heri wangecheka.

Mama mkwe akaniuliza kama hilo ndilo lililoniuma. Nikasema, "Mama, kasema kipara." Akakitazama kichwa changu, kwa haki kabisa, kama anayekagua jibu. Akasema, "Sasa angesema nini?"

Mpimaji akakifuta kipande mbele ya wote. Akafungua ukurasa wa nyuki. Ukatokea kabla sijameza mate. Nusu sekunde! Akasema mashine ni nzima, imetunzwa vizuri, haina sababu ya kupelekwa popote. Mzigo pekee ulikuwa huo.

Sikilizeni hapo! Mashine ni nzima! Kurasa kumi na moja zilikuwa sahihi zote! Nikasimama kuusoma waraka. "Kaa, baba."

Uamuzi: seva inabaki. Funguo za mfumo anakabidhiwa Kimya, na maoni ya wasomaji atayasoma yeye peke yake. Mashine ya Fotokopi inahamia chumbani kwangu, ukuta wa mita tatu na nusu. Mimi nabaki na kile chombo cha kupimia tu. Kila Jumatatu nipime, na ripoti aione mwenyekiti mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Nyumbani. Nilitaraji huruma.

Mke wangu alikwisha kusimuliwa yote na mama yake, pamoja na kuigizwa sauti. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha ghafla. Akaniuliza kama kwenye orodha kulikuwa na neno anakoroma. Nikasema labda. Akaniuliza ni msomaji gani wa maktaba anayejua kwamba nakoroma.

 Anayejua ni mmoja tu, na alikuwa amesimama mbele yangu na kijiko cha wali.

Akasema, "Kwa hiyo na mimi ulikuwa unanisaka. Miaka mitatu." Nikamwambia ilikuwa tahadhari ya kawaida. Akarudisha kijiko kwenye sufuria. Cha mchana nimejipakulia mwenyewe. Cha jioni nimejipikia, na nimekiunguza.

Nimeapa. Nimeandika kabisa, kwa herufi kubwa: SITAKI TENA KUJUA.

Jumatatu, 10 Machi

Ukurasa unafunguka nusu sekunde. Hakuna foleni. Mzee wa nyuki ameazima vitabu vitatu na amelalamika kwamba sasa hapati nafasi ya kuvionja.

Mashine ya Fotokopi iko mgongoni kwangu, inanipulizia joto shingoni kila anaponakili. Ananakili sana. Ameniamkia, "Za asubuhi, Firauni." Nikajifanya sikusikia. Nikaandika pembeni.

Saa nne Kimya ameshuka kuchukua karatasi. Akasema, kama anayezungumzia mvua, kwamba tangu Ijumaa sanduku la maoni limepata maoni sitini na manne. Kwa siku tatu! Nikamuuliza wanasema nini. Akasema mambo mbalimbali. Nikamuuliza yapi. Akasema mengine mazuri.

Mengine!

Akapanda ngazi. Nilisikiliza viatu vyake hadi juu. Mengine mazuri. Basi mengine yakoje? Mangapi? Ya nani? Moyo ulinidunda hadi karatasi mezani zikaonekana kutikisika. (Ilikuwa mashine ya Fotokopi, lakini moyo nao ulikuwamo.)

Mfumo umefungwa, funguo anazo Kimya. Sina pa kuingilia. Nina kile chombo cha kupimia tu. Ambacho lazima kiwe na njia ya kufika kwenye hifadhidata, la sivyo kingepimaje? Ambacho kina ukurasa wake, wa ripoti, unaofunguliwa na mimi na mtu mwingine mmoja. Ambacho chenyewe hakipimwi na chochote. Nani anapima kipimo?

Si kama zamani. Hakimgusi msomaji hata mmoja. Ni kipande kidogo, ndani ya ukurasa wa ripoti peke yake, kinapita maoni kimyakimya ripoti inapofunguliwa. Nimekiita usafi_wa_jumla. Hakuna atakayebonyeza usafi. Orodha sasa ina maneno hamsini na mawili, kwa kuwa tangu Ijumaa mapya yamezagaa jengo zima, na haki inataka yawemo. Anakoroma nimelitoa. Kisha nimelirudisha.

Saa sita kasoro simu imelia. Mama mkwe. Amesema anajaribu kufungua ripoti yake ya kwanza, na amehesabu sekunde ishirini na sita.

Nimemwambia ni mtandao.

 Nikasikia kama kalamu inaandika. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama ninakula vizuri.